FUNDI TUAMBIE: "Hatukusikii!" na mengine ya simu za intaneti

Shikamoo fundi. Nina usaili wa kazi kwa Zoom alhamisi saa nne asubuhi, laptopu nimeazima kwa shemeji. Nikifungua kamera najiona vizuri tu, ila juzi kwenye kikao cha kikundi chetu kila mtu alikuwa ananiambia hatukusikii na mimi nawasikia wote. Nijijaribuje bila kumsumbua mtu? – Msomaji, Dodoma

Marahaba. Kujiona kusikudanganye, kamera na maiki kila moja ina ruhusa yake kwenye kompyuta, moja inaweza kukubaliwa na nyingine ikakataliwa na wala usijue. We fungua brauza uandike zoom.us/test, bonyeza Join, itakuingiza kwenye kikao cha majaribio uko peke yako. Kwanza itakupigia mlio ikuulize kama umesikia, alafu itakwambia uongee, nyamaza, ikurudishie sauti yako mwenyewe. Hapo sasa usikilize kweli, maana watu wengi wakiona tu kile kimstari cha maiki kinacheza wanafunga wanasema tayari, wakati kimstari kinacheza hata feni ikivuma. (Wazee wa Skype mnakumbuka ile simu ya majaribio, unaongea inakurudishia? Skype yenyewe ilifungwa Mei 2025, ila wazo ni lile lile.)

Kama hairudishi kitu, bonyeza kale kamshale pembeni ya picha ya maiki, utaona orodha. Laptopu ya kuazima mara nyingi imebaki imechagua hedifoni za mwenyewe ambazo ziko kwake huko, kwa hiyo chagua maiki ya laptopu. Bado? Kama ni Windows nenda Settings, Privacy, Microphone, ushuke mpaka chini kabisa, kuna sehemu ya kuruhusu programu za kompyuta zitumie maiki, na hiyo iko peke yake, unaweza ukawa umewasha ya juu hii ya chini imezimwa. Angalia na kibodi pia, laptopu nyingi zina kitufe chenye picha ya maiki iliyopigwa mstari, ka-taa kake kakiwaka ujue maiki imezimwa, na mtoto akichezea ndo basi tena.

Alafu erifoni. Chomoa uangalie pini yake, hesabu vile vipete vyeusi. Viwili maana yake ni ya kusikilizia tu haina maiki, vitatu ndo ina maiki. Na hata kama ni vitatu, zile laptopu za zamani zenye matundu mawili, moja la hedifoni moja la maiki, ukichomeka erifoni ya simu utasikia ila hutasikika, mpaka upate ka-waya ka kugawa. Nashuku hiki ndo kilikukuta juzi.

Cha mwisho kwako, jaribu siku moja kabla ya usaili, saa nne ile ile, kwenye kiti kile kile na kwa bando hilo hilo. Ukijaribu usiku wa manane mtandao uko mweupe hujajaribu kitu. Ukipima spidi usiangalie ya kushusha peke yake, inayobeba uso wako ni ya kupandisha, Zoom ya watu wawili yenye picha kali inataka kama megabiti 1.2 kwa sekunde kwenda na kurudi. Ikigoma waombe radhi uzime kamera, sauti peke yake haifiki hata megabiti 0.1. Bora wakusikie bila kukuona kuliko wakuone umeganda mdomo wazi.

Fundi habari. Mimi ni mwalimu wa tuisheni, nikiinua kitabu kwenye kamera naona maandishi yamegeuka kinyume. Wanafunzi nao wanaona hivyo? – Mwalimu, Mombasa

Hapana mwalimu, kwao yako sawa. Programu inakuonyesha wewe kama kwenye kioo kwa sababu ndivyo tulivyozoea kujiona, wenzako wanapata picha ya kawaida. Ukitaka uhakika mwombe mwanafunzi mmoja akupigie skrinshoti akutumie. Kinachokuangusha zaidi ni dirisha, likiwa mgongoni kamera inapima ule mwanga wa nje na wewe unakuwa kivuli, kaa ulitazame.

Nipo Dubai, nikimpigia mama Tanga kwa WhatsApp inaunganisha weee haishiki. Nimenunua erifoni mpya, nikabadili na simu, wapi. – Msomaji, Dubai

Pole ndugu yangu, hela ya erifoni imeshaenda. Huko Emirati meseji na voisi za WhatsApp zinapita, simu zake ndo zimezuiwa, maiki yako haina kosa lolote. Tumia programu zenye kibali huko, BOTIM ndo wengi wanayo, ila na mama lazima awe nayo, kwa hiyo tafuta mjukuu au jirani amsaidie kuiweka na siku ile ya kwanza ikiuliza ruhusa ya maiki na kamera akubali, maana wazee wakiona swali wanabonyeza kataa. Hao wanaokushauri VPN (programu ya kuficha uko nchi gani) waambie sheria ya huko ipo, ukiitumia kutenda kosa faini inaanzia dirhamu 500,000.

Fundi nina erifoni za Bluetooth, muziki unatoka fresh balaa ila nikiingia kwenye kikao tu sauti inakuwa kama redio ya mbao. Nimeuziwa feki? – Msomaji, Kigamboni

Sio lazima ziwe feki. Bluetooth za kawaida zina hali mbili, ya muziki yenye sauti nzuri sikio la kushoto na la kulia lakini haina maiki, na ya simu yenye maiki. Programu ikiomba maiki tu, erifoni zinahamia ya pili, na sauti inashuka toka sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde mpaka 16,000, au 8,000 kwa zile za zamani. Ndo maana ukizijaribu kwa kupiga wimbo unaona ziko poa, hujagusa upande wa simu kabisa. Dawa yake ingia kwenye setingi za kikao, spika chagua erifoni, maiki chagua ya laptopu. Zitarudi kwenye hali ya muziki na wenzako watakusikia vizuri zaidi pia, ila hakikisha chumba kimetulia maana maiki ya laptopu inabeba kila kitu, mpaka jogoo wa jirani.