Redio ya Kigali na Mumiani wa Ngamiani

Mwanangu,

Hatujambo. Goti la mama yako ni lile lile, na baiskeli sijauza, usimsikilize kaka yako.

Umeniuliza kama RTLM, ile redio ya Kigali, ndiyo iliyoua watu Rwanda mwaka 1994, au wangeuana hata isingekuwepo. Ilianza kurusha Julai 1993, na watu waliipenda: muziki mtamu, mzaha, watangazaji wakipiga soga kama wamekaa barazani kwako. Mnajua nisemavyo siku zote, uongo hauji na pembe, huja na soga. Watutsi wakaitwa inyenzi, yaani mende. Ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa tarehe 6 Aprili, yakaanza kutajwa majina ya watu na mahali walipojificha.

Lakini mimi humkumbuka yule fundi cherehani wa Ngamiani, aliyekushonea sare ya darasa la kwanza. Mgeni, mpole, taa yake haizimwi mpaka usiku wa manane. Mtu akasema kijiweni kwa muuza kahawa: huyo mumiani, mnyonya damu za watu. Nikacheka. Kesho yake nikaisimulia mimi, kwa kuchekesha tu, nikatia na ndoo ya maji mekundu niliyoiona uani kwake. Ndoo niliiona kweli. Ilikuwa rangi ya ukili, mkewe akisuka mikeka. Nilijua.

Wiki haikuisha, mlango wao ukapigwa mawe usiku. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Alfajiri wakapanda basi, cherehani imefungwa kwa khanga. Suruali yangu aliiacha kwa jirani, imeshapindwa, na hela hakudai.

Utasema kijiwe si redio. Kweli, sisi hatukuwa na Interahamwe, wale wanamgambo wa Kihutu, wanaongoja amri. Na wauaji wengi waliohojiwa baadaye walisema aliyewatoa nyumbani ni jirani au kiongozi wa mtaa, si mtangazaji. Hapo nakaribia kusema redio inasingiziwa. Halafu naikumbuka ndoo. Jirani naye maneno aliyatoa wapi? Uongo huja na soga, mwanangu.

Mahakama ya Arusha, ile ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, ilimhukumu Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo, kifungo cha maisha mwaka 2003. Rufaa ya 2007 ikashusha hadi miaka 30. Nilitaka kukuandikia kwamba haitoshi. Nikamsomea mama yako, akaniuliza mimi nilifungwa mingapi, akarudi jikoni.

Baba yako