Unaanza kuandika uhakiki wa sanaa? Anza na benga ya dukani

Wengi wanaotaka kuandika uhakiki hapa Kisumu wanangoja tamasha kubwa ama maonyesho ya Nairobi ndio wapate kitu ya kuandika. Msingoje. Sanaa mnapishana nayo kila siku, kwa michoro ya matatu, kwa matanga, kwa kwaya ya kanisa, na enyewe huko ndiko sikio linanolewa juu hakuna mtu amekuambia mapema ufikirie nini.

Usianze na "imeweza" ama "imebamba". Anza na kile umesikia. Chukua benga, ule muziki wa gita wa Waluo, inayolia kwa spika ya duka ukingoja bodaboda pale Kondele, jiulize gita la solo linafanya nini. Utasikia mtu anaimba na gita linamjibu, halafu maneno yanaisha, mwendo unapanda, besi inasukuma na hata muuza duka anaanza kutingisha bega. Sasa tafuta mzee anayepiga nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Waluo, angalia nyuzi nane na vile vidole vinazidonoa, pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu ikigonga mbao na njuga za gara zikilia hapo kwa mguu, utajua lile gita lilijifunzia wapi kuongea. Baada ya hapo ukisema wimbo ni mtamu ama umepoa, uko na sababu.

Maneno pia. D.O. Misiani, mwimbaji wa benga wa bendi ya Shirati Jazz, alizoea kuficha siasa ndani ya mafumbo, kwa hivyo kama hujui Dholuo, lugha ya Waluo, kaa na mtu anayejua akufafanulie mstari kwa mstari, usikisie.

Jambo ninalolipenda sana ni kuuliza sanaa imetolewa wapi ikapelekwa wapi. Isukuti, mchezo wa ngoma wa Waisukha na Waidakho kule Kakamega, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ya swara, inapigwa harusini na matangani, na mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ukiikuta siku ya mkutano inapigwa dakika chache mgeni rasmi akishuka kwa gari, usiandike tu "ngoma za kitamaduni zilitumbuiza", andika nini kimekatwa, nani hakupata nafasi ya kujibu wimbo, na kama wachezaji bado walifurahia. Hapo ndio kazi yenyewe iko.

Kuhusu ukali, huu mji ni mdogo na msanii utakutana naye soko la Kibuye akinunua nyanya. Watu wakikumbuka hivyo wanasifu kila kitu, na mimi naona hiyo inamnyima msanii msikilizaji wa kweli. Andika sentensi ambayo unaweza kumwambia usoni, kwamba sauti ya tatu ya kwaya ilizama kwa ubeti wa pili juu kinanda kilikuwa juu sana. Hiyo anaweza kuirekebisha kabla ya Jumapili.