Maswali ya Wasomaji: Chama cha Wazazi na Mzigo wa Michango

SWALI: Kwa mshauri wa safu hii, salamu nyingi. Mwaka huu nilichaguliwa kuwa mwakilishi wa wazazi wa gredi ya nne katika shule ya msingi ya umma yenye wanafunzi wapatao 600 na walimu tisa tu walioajiriwa na serikali. Kila tukiitwa mkutanoni, tunaletewa jambo moja tu, nalo ni kupitisha mchango: mara wa mitihani, mara wa mlinzi, mara wa kuwalipa walimu wa BOM, yaani walioajiriwa na bodi ya usimamizi ya shule. Watoto ambao wazazi wao hawajatoa hurudishwa nyumbani. Nilipouliza kwa nini tusiiandikie serikali, niliambiwa kwamba kazi ya chama cha wazazi ni kuisaidia shule, si kufanya siasa. Je, ndivyo sheria inavyosema?
Mzazi, Kaunti ya Kilifi

JIBU: Sivyo, mama, ingawa kauli uliyoambiwa ina chembe ya ukweli. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaitaka kila shule ya umma nchini Kenya iwe na chama cha wazazi, na miongoni mwa majukumu ya chama hicho ni kushauriana juu ya njia za kupata fedha za kujenga na kukarabati shule. Lakini orodha ya majukumu haiishii hapo, kwa kuwa inataja pia lishe, afya na malezi ya wanafunzi, maslahi ya walimu na wanafunzi, pamoja na kusimamia miradi ya maendeleo kwa niaba ya wazazi wote. Chama ambacho hukutana ili kupitisha michango peke yake kimeshika jukumu moja na kuyaacha mengine.

Hata katika hilo la michango, uwezo wenu si mkubwa kama mnavyoaminishwa. Chama hujadili na kupendekeza, basi. Kifungu cha 29 cha sheria hiyo kinapiga marufuku ada ya masomo katika shule za umma, na malipo mengine yoyote yanahitaji idhini ya Waziri baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Kifungu hicho hicho kinasema wazi kwamba mtoto asizuiwe kuhudhuria masomo kwa sababu malipo hayo hayajatolewa, na kwamba mtu asikusanye fedha bila ya kutoa risiti rasmi. Kwa hiyo kuwarudisha watoto nyumbani ni kosa hata pale ambapo wazazi wote waliunyoshea mkono mchango wenyewe. Ningekuwa mimi, hili ndilo ningetaka liandikwe kwanza katika kumbukumbu za mkutano ujao, kwa maneno yaliyo wazi na pamoja na nambari ya kifungu.

Ama kuiandikia serikali, jambo hilo si siasa bali ni haki ya raia chini ya Kifungu cha 37 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma kwa njia ya amani. Tatizo ninaloliona mara nyingi ni kwamba wazazi huandika kwa uchungu mwingi, kisha barua wakaipeleka kwa asiyehusika. Kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu, mwakilishi wa wadi huandamwa na wazazi kuhusu walimu wa shule ya msingi, ilhali Katiba imeikabidhi serikali ya kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, si shule za msingi. Uhaba wa walimu ni suala la Tume ya Utumishi wa Walimu, yaani TSC, kupitia afisi yake ya kaunti ndogo. Fedha za mgao wa wanafunzi hutoka Wizara ya Elimu. Madarasa yanaweza kuombewa kwa kamati ya hazina ya maendeleo ya eneo bunge, ile CDF.

Kabla ya kuandika, pateni hesabu. Mgao uliowekwa na serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, kwa hiyo shule yenu yenye wanafunzi 600 ilistahili kupokea shilingi 852,000. Ulizeni ni kiasi gani kilichofika, kilifika lini, na kilitumiwaje. Mara nyingi fedha hizo huchelewa, na huenda mkagundua kwamba mwalimu mkuu mnayemlaumu naye anahangaika na deni la chaki. Akisitasita kuwaonyesha hesabu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inawaruhusu kuomba kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na afisi ya umma inapaswa kutoa uamuzi wake ndani ya siku 21. Barua inayosema kwamba walimu tisa wanafundisha watoto 600, yaani mwalimu mmoja kwa watoto wapatao 67, ikiwa na idadi ya wanafunzi wa kila darasa na sahihi za wawakilishi wote, ni vigumu kuiweka kando kuliko kurasa tatu za malalamiko. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Kuhusu walimu wa BOM, siwashauri muache kuwalipa ghafla, kwa maana watoto ndio watakaokosa masomo. Hata hivyo, kila mwezi wazazi wanapoziba pengo hilo kimyakimya, TSC haina ushahidi kwamba pengo lipo. Waorodhesheni walimu hao na masomo wanayofundisha ndani ya barua yenu.

SWALI: Je, mzazi ambaye hajamaliza michango anaweza kunyimwa kura katika uchaguzi wa chama?
Baba wa watoto wawili, Kwale

JIBU: Hawezi. Kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo ya 2013, mwanachama ni kila mzazi mwenye mtoto katika shule, pamoja na mwakilishi wa walimu, na malipo hayakutajwa kuwa sharti la uanachama. Iwapo katiba ya chama chenu ina sharti la namna hiyo, lipingeni kwa maandishi kabla ya siku ya uchaguzi na nakala ipelekwe kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo.