Ndiyo, jina langu limo kwenye orodha ya jeshi la Marekani

Niliporudi nyumbani Desemba tulikaa Kariokor, Nairobi, choma kwenye ubao, kachumbari ishaanza kutoa maji, binamu yangu akauliza swali ambalo kila mwenye kijana aliyepata grinikadi (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu) hunitumia: "Ati ukifika Marekani wanakuandika jeshi?" Shangazi akaacha kutafuna. Kijana wake, ndiye huyo binamu, ana miaka 21 na tiketi ishakatwa.

Mjomba akadakia: "Huku watu wanauza ng'ombe mtoto apate nafasi ya ukurutu, huko mnaandikwa bure na bado mnalia?"

Hawakuandiki jeshi, wanaandika jina. Kuna idara inaitwa Selective Service. Mwanamume wa miaka 18 hadi 25 anayeishi kule lazima jina lake liwe kwao, awe raia, awe na grinikadi, hata awe hana karatasi. Mwenye viza halali ya mwanafunzi haguswi. Wanawake hawamo. Mimi nilijisajili nikiwa na miaka 24, kwa simu, nikingoja basi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya Social Security (ile ya kodi na mafao), nikamaliza. Kadi ikaja kwa posta na tangu hapo hakuna aliyenitafuta.

Kumlazimisha mtu kuingia jeshini waliacha 1973. Usajili nao ukasimama 1975, Rais Carter akaurudisha 1980 baada ya Wasovieti kuingia Afghanistan. Leo wakitaka kuwaita watu, lazima Bunge na rais wakubali kwanza, kisha ipigwe bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa, wakianza na wa miaka 20. Bahati nasibu kama hiyo ilipigwa Desemba 1969, enzi za vita vya Vietnam: vidonge 366 vyenye tarehe ndani, kwenye chombo cha kioo, cha kwanza kikatoka na Septemba 14. Shangazi kusikia hivyo akamgeukia mwanawe, "Wewe nilikuzaa tarehe ngapi vile?" kama hajui.

Sasa, nchi iendelee na orodha hii? Mimi ningeifuta. Na si kwa uoga wa vita. Orodha hii humnasa mgeni. Kijana aliyezaliwa kule, katika majimbo mengi akichukua leseni ya gari anasajiliwa papo hapo. Mgeni anafika na miaka 23, anatafuta kazi na chumba, nani atamwambia? Akifika 26 mlango umefungwa, hawampokei tena.

Rafiki yangu wa Umoja yalimpata. Akiwa na miaka 29 aliomba uraia, akaulizwa namba yake ya usajili, akadhani wanauliza ya kitambulisho. Ilibidi aape kwa maandishi kwamba hakujua, atafute barua, angoje. Sheria inasema kifungo hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000, ingawa tangu miaka ya 1980 hawajamfikisha mtu kortini. Kinachouma ni hayo ya uraia, na kazi za serikali kuu kufungwa. Desemba 2025 ilitiwa saini sheria ya serikali kuwasajili watu yenyewe. Afadhali kidogo, lakini orodha bado ipo.

Mjomba hakukubali, alisema nchi bila orodha ni kama boma bila mbwa. Nikamwonyesha tulipokaa. Kariokor ni Carrier Corps, wapagazi ambao Waingereza waliwabebesha mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani hapa Afrika Mashariki. Wengi walikusanywa kwa nguvu kupitia machifu, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wao wakiuawa na maradhi. Hao nao walianza kwa kuandikwa majina. Mjomba akasema hiyo ni mambo ya ukoloni, akaagiza nusu kilo nyingine.

Kwa hiyo binamu, ukifika, wiki ya kwanza hakikisha jina lako limo. Chapisha ule ukurasa wa uthibitisho, uweke pamoja na pasipoti. Na shangazi, tafadhali usimpigie saa tisa usiku kuuliza kama ameitwa.