Kitovu, kisukari na kovu la bega

Swali: Jambo mama muuguzi. Nina miaka 22 na kisukari. Nataka kutobolewa kitovu sokoni Kadutu kabla ya harusi ya dada. Kovu langu la chanjo begani limevimba, linawasha. Kuna shida?
Msomaji, Bukavu

Jibu: Binti yangu, linalonitisha zaidi ni hilo kovu. Likiwa limeota kupita kidonda chenyewe, hiyo ni keloidi. Kitovuni inaweza kuota nyingine, na ikikatwa mara nyingi hurudi. Sukari ikiwa juu, kidonda huchelewa kupona na hutunga usaha upesi. Hata kwa mzima kitovu huchukua miezi 6 hadi 12, na fundo la kitenge linasugua palepale! Muone daktari kwanza. Sindano ya sokoni, hapana kabisa. Harusini vaa shanga kiunoni.