Jibu: Dhumna au ludo kwa watu wanne?
Ndugu, kwa watu wanne, mdogo akiwa na miaka 6 na bibi macho yake hafifu, anza na dhumna. Vipande ni 28, kila mtu 7, hakuna cha kuokota, na raundi huisha haraka. Chagua vyenye vitone vilivyochimbwa, siyo vya kuchapwa: bibi atavihesabu kwa kidole. Mkicheza wawili kwa wawili, mtoto akae mkabala na bibi.

Ludo hukwama mwanzoni. Bila sita hutoki, na mtoto akikosa mara tano ananuna. Kila mtu aanze na kete moja nje. Dadu irushwe ndani ya bakuli, la sivyo mtaisaka chini ya kochi.

Bao liacheni kwanza: ni la wawili, wengine watasinzia.