Miaka 6 Nilifundisha Wavulana kwa Kamba, Wasichana kwa Kunakili

Wiki iliyopita mama mmoja wa Makorora aliniandikia: "Mwalimu, binti yangu ukimwelekeza mara moja kashika. Kaka yake hatulii hata dakika kumi. Hivi watoto wa kiume wanafundishwaje?" Nilicheka peke yangu. Swali hilo nimelijibu vibaya miaka 6.

Nafundisha hisabati sekondari hapa Tanga mjini. Nilianza kazi na jibu mfukoni, nililorithi kwa walimu wakongwe: mvulana hujifunza kwa mikono, msichana kwa kusikiliza na kuandika. Basi wavulana nikawapa kamba na tepu wakapime uwanja, wasichana wakabaki kunakili mifano. Madaftari yao yalipendeza, na mimi nilijiona hodari. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yalipotoka, wasichana wangu walikuwa wameanguka vibaya. Kikaoni mkuu wa idara akasema mbele za watu kwamba mtoto wa kike na hesabu ni maji na mafuta. Nami, mwanamke mwenye digrii ya hesabu, nikanyamaza. Kule kunyamaza kunaniuma hadi leo kuliko hayo matokeo.

Nikamwomba mwenzangu akae nyuma ya darasa, vipindi viwili mfululizo, dakika 80, ahesabu ninaowaita. Wavulana mara 31, wasichana 9. Na katika hao 9, akaniambia, 7 niliwakatiza kabla hawajamaliza.

Kulikuwa na binti akisinzia kila asubuhi, nikimwita mvivu. Kumbe huamka saa tisa usiku kumsaidia bibi yake kukaanga vitumbua vya kuuza Ngamiani. Siku niliyofundisha uwiano kwa vikombe vya mchele na tui, akasimama akanisahihisha mimi mwalimu! Kwa Kiswahili, lakini. Nilipomtaka arudie kwa Kiingereza, akakaa chini. Ule utulivu niliokuwa nikiusifu, kwa wengi ulikuwa ni kuogopa kuchekwa. Na baadhi ya wavulana "wasiotulia" walikuwa wametoka soko la Deep Sea kubeba samaki, hawajaonja hata chai.

Mwaka 2005 mwanasaikolojia Mmarekani, Janet Hyde, alipitia chambuzi 46 zilizojumlisha tafiti nyingi, akakuta kwamba katika mambo mengi tofauti ya wanawake na wanaume ni ndogo mno au haipo, uwezo wa hesabu ukiwemo. Mimi mpaka vitumbua ndipo nikaamini.

Sasa kamba wanashika wote. Swali nikishauliza nafunga mdomo, nahesabu hadi kumi kimoyomoyo, na wanabishana kwanza kwa Kiswahili ndipo tuandike Kiingereza. Mwaka jana darasa langu lilipata A 7 za hesabu, 4 za wasichana. Yule mkuu wa idara alishahama. Nilitamani awepo, sikufichi.

Walimu wenzangu, hesabuni mnaowaita. Acheni jamani kumwita mtoto "mwelewa" kwa kuwa tu hasumbui! Hesabuni, kisha muone haya kama nilivyoona mimi.

Nawe mama, kijana mpe chai, kisha akueleze somo huku anazunguka uani, usimkalishe kwa nguvu. Ila swali lako lote lilimhusu yeye. Leo jioni mkiwa jikoni mwambie dada yake akufundishe hesabu za sehemu, nusu na robo, kwa unga ulio mkononi mwako, bila daftari. Halafu niandikie alivyofanya.